Baiskeli ya mbio, msitu na ziwa bila matatu: Karura, Hell's Gate, Tigoni au Magadi?

Mkaaji_Rongai
Wadau, salamu. Nimenunua baiskeli ya mbio ya mtumba, matairi ya milimita 25. Mke wangu ana mauntini (baiskeli ya milimani, matairi mapana) yake ya siku nyingi. Tunataka Jumapili moja kila mwezi tutoke pamoja, mahali penye miti na ikiwezekana maji, lakini pasipo matatu ya kutupigia honi mgongoni. Yeye barabara kubwa hajazizoea. Tuna gari dogo, na tukitoa magurudumu baiskeli zote mbili zinaingia nyuma. Nimetajiwa msitu wa Karura hapa Nairobi, hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, mashamba ya chai ya Tigoni, hata Ziwa Magadi. Mnasemaje? Tafadhali msiniambie zote ni nzuri.

mzee_wa_gea
Kaka, tenganisha mambo mawili kwanza. Huku kwetu, pasipo na magari ni mahali penye lango na tiketi, na ukishaingia lango, lami imeisha. Penye lami pana magari, na hapo unachochagua ni saa ya kutoka nyumbani tu. Kwa hiyo swali lako la kweli ni kama hayo matairi membamba utayaacha au utayabembeleza.

Mimi nasema Karura. Ni zaidi ya hekta 1,000, uzio pande zote, njia za murram iliyoshindiliwa, na makutano yana namba. Mkiachana, mke anakupigia anakutajia namba, mmepatana. Kiangazi nimepita na milimita 25 bila shida, nikipunguza upepo kidogo na kuinuka kwenye siti penye mizizi. Mteremko wa kushukia mtoni ndio wa kuangalia: changarawe hulegea kwenye kona, na ukibana breki ya mbele hapo utajikuta chini. Shika ya nyuma, taratibu, kabla ya kona.

Tena msione hilo lango ni usumbufu. Mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa hapo wakitaka kupanda miti, wakati msitu ulikuwa unagawiwa kama viwanja. Wangenyamaza, leo tungekuwa tunajadili foleni ya hapo Karura.

Njiapanda_77
Na ziwa je? Mzee amelipita kimya kimya 😀 Karura kuna Lily Lake, lakini hilo ni bwawa, tusidanganyane. Zuri la kupigia picha, basi. Halafu Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi njia zimejaa watoto, mbwa na vikundi vya matembezi. Baiskeli ndiyo inayopisha. Ukitaka mwendo, uwe langoni linapofunguliwa alfajiri.

DadaWaPedali
Mimi kura yangu ni Hell's Gate, nami nitaeleza kirefu kwa sababu watu huisifu nusu nusu.

Ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambako unaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Ni kama kilomita 90 kutoka Nairobi. Ukiingia lango la Elsa, mnara wa Fischer's Tower uko mbele yako, mwamba wa mita 25 umesimama peke yake, halafu barabara inapita kati ya kuta za miamba kama kilomita 8 hadi penye bonde la Ol Njorowa. Kuenda ni mteremko mwepesi, kwa hiyo mgeni hujiona bingwa. Kurudi ndiko utajua uzito wako. Pundamilia na ngiri watakuwa kando ya njia, twiga mbele kidogo. Simba si wakazi wa humo, lakini nyati wapo, na nyati si wa kuchezea: ukimwona karibu na njia, simama, subiri gari au askari wa wanyamapori, usijaribu kumpita kwa mbio.

Magari yanaingia, lakini ni ya watalii na yanakwenda polepole. Kero yao ni vumbi. Na sasa, kaka, matairi yako. Kuna sehemu ambazo majivu ya zamani ya volkeno yamekuwa mchanga laini. Gurudumu la mbele linazama, usukani unageuka wenyewe, na ule unga mweupe unaingia kwenye cheni hadi inalia. Mauntini ya mke itapita anakuimbia. Wewe utasukuma. Kwenye barabara ya Moi South Lake, njia ya kuingia Elsa, kuna vijana wanaokodisha baiskeli. Kodi hapo mauntini, yako ibaki nyumbani. Kabla ya kulipa jaribu breki zote mbili na uinue baiskeli uzungushe gurudumu la nyuma uone kama linayumba. Usione haya, wao wenyewe wamezoea.

Bondeni baiskeli haziingii, mnaziacha juu. Mvua ikinyesha, hata kwa mbali, msishuke. Mwaka 2012 mafuriko ya ghafla yaliua watu waliokuwa wakitembea humo.

Ziwa lenyewe, Naivasha, liko nje ya hifadhi, ng'ambo ya barabara. Kula samaki kando ya ziwa, ndiyo. Kuendesha kando yake, hapana: Moi South Lake ina malori ya maua, mabasi ya wafanyakazi wa mashamba na bodaboda, na pembeni pa kukimbilia ni padogo.

MtuWaKiserian
Mmesema lami ina magari. Njooni Magadi. Ukishapita Kiserian na kupanda Kona Baridi, unabaki na barabara ya lami, mbuzi na upepo tu. Gari moja, kimya, gari lingine. Kwa baiskeli ya mbio hakuna kama hii karibu na jiji, na mwisho wake ni ziwa la kweli, lenye magadi na heroe.

DadaWaPedali
@MtuWaKiserian umesahau kumwambia kuhusu kurudi.

MtuWaKiserian
Sijasahau, nilikuwa nafika hapo 😅 Kona Baridi ni kama mita 2,000 juu ya bahari, Magadi ni kama 600. Kutoka Kiserian hadi ziwani ni kilomita 80 na zaidi, na joto linaongezeka kila unaposhuka. Kurudi kwa miguu yako ni kazi ya watu wenye mazoezi. Kwa wawili wenu: mmoja aendeshe gari, mwingine baiskeli, mbadilishane njiani, Olepolos au Olorgesailie, kisha mrudi wote kwa gari. Maji yabebeni ya kutosha. Ya ziwa ni chumvi tupu. Na msitu hakuna, ni miiba. Miiba ya migunga, hasa. Beba tubu mbili.

kiraka_na_gundi
Mimi huendesha kwenye barabara ya Southern Bypass, kile kipande kinachopita kwenye msitu wa Ngong Road. Kuna njia ya pembeni, miti ipo, na kutoka Rongai ni karibu.

Njiapanda_77
Hiyo njia ya pembeni bodaboda wameshajimilikisha, tena wanakuja wakikutazama uso kwa uso. Na pale msituni mimi siwezi kumpeleka mke wangu tukiwa wawili tu. Kikundi cha watu kumi, sawa.

Limuru_baridi
Tigoni haijatetewa. Chai pande zote, lami nzuri, vilima vifupi vifupi vinavyokujenga mapaja. Juu huko ni zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo mwezi wa Julai vaeni glavu, na ukungu ukiwepo washeni taa hata saa mbili asubuhi. Magari yapo lakini kabla ya saa tatu ya Jumapili ni machache. Msipande kupitia Ruaka kwa baiskeli, hapo ni vita. Leteni gari hadi Limuru, muanzie huku. Chris Froome mwenyewe, yule mwendesha baiskeli, alianza kufunzwa na kocha David Kinjah hapo Kikuyu, si mbali na hapa, kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara 4. Hewa yetu ina kitu.

mzee_wa_gea
Hewa ndiyo. Lakini zile barabara za chai ni nyembamba na hazina bega, ile nafasi ya pembeni ya lami. Gari likikutana na jingine kwenye kona, wewe uko kwenye majani ya mtu. Kwako wewe peke yako, kaka, Tigoni alfajiri ni tamu. Kwa anayejifunza, bado.

Mkaaji_Rongai
Asanteni sana. Nimeelewa hivi: yangu ya mbio ni ya Tigoni alfajiri nikiwa peke yangu, na siku moja Magadi nikishuka huku mke akiendesha gari (ameshakubali, anasema huo ndio mchezo anaouweza). Ya kutoka pamoja tutaanzia Karura mwezi huu, mvua za vuli zikikawia. Hell's Gate mwezi ujao, nikodi huko. Swali la mwisho: pancha ikitokea Magadi, fundi nitampata wapi?

MtuWaKiserian
Kiserian wapo wengi. Ukishapita Olepolos jitegemee. Vali yako ni ile nyembamba ya kufungua kichwa au nene kama ya gari? Kama ni nyembamba, pampu za mafundi wengi wa kando ya barabara haziingii. Nunua kile kikofia cha shaba cha kuunganishia, ukiache kimefungwa kwenye vali. Mfukoni kitapotea.