Grinikadi iko njiani, ofa imetoka Minneapolis: nihame au nitulie Houston?

mpogoro_texas
Wakuu habari za wikiendi. Naombeni mawazo maana mimi na mke wangu tumebishana hili jambo mpaka chai inapoa mezani. Niko Houston, Marekani, mhasibu, nafanya kazi kwa H-1B (visa ya kazi inayofungwa kwa mwajiri mmoja) na kampuni ndio iliyonifungulia njia ya grinikadi, yaani ukaazi wa kudumu. I-140 (ombi la mwajiri kwa ajili yangu) ilipita zamani, I-485 (ombi langu mwenyewe la grinikadi) leo ina siku 203 tangu tarehe ya risiti, nimehesabu mara mbili kwenye kalenda ya ukutani. Af buletini ya visa, ile orodha ya kila mwezi ya nani zamu yake imefika, ikarudi nyuma, tarehe yangu ya foleni ikaachwa nje, faili limelala tu na hakuna wa kukwambia litaamka lini. Katikati ya hayo nimepata ofa Minneapolis, inazidi mshahara wa sasa kwa dola elfu 19 kwa mwaka, jina la kazi ni mchambuzi wa fedha ila nikisoma majukumu ni vitabu vya hesabu vilevile navyoshika kila siku.

Naona njia tatu. Kukaa hapa hapa mpaka kadi itoke, kuhama na kuanza kwa ile kadi ya kazi iliyokuja na I-485 (kibali cha kufanya kazi wakati ombi linasubiri), au kuhama huku bosi mpya ananihamishia H-1B. Mke wangu anasema mtu hashuki kwenye basi katikati ya daraja la Wami. Nyie mnasemaje?

Baharia07
Mkuu elfu 19 unaombea ushauri?? Chukua kadi ya kazi, wiki mbili unaanza, bosi mpya hatoi hata senti ya wakili. Sheria ya mwaka 2000 inakuruhusu kubadili mwajiri I-485 ikishakaa siku 180, mradi kazi mpya ifanane na ya zamani. Hata bosi wa sasa akinuna akaandika barua ya kuiondoa I-140 yako, imeshapita na siku 180 zimeshapita, haikuangushi. Wewe uko 203. Funga begi.

MamaNeema_KC
Baharia usimsukume mwenzio kwenye maji we uko ufukweni. Ulichosema kuhusu siku 180 ni kweli ila umeacha nusu.

Mpogoro mdogo wangu, ukianza kazi kwa ile kadi, H-1B yako imekwisha hapo hapo. Unabaki umesimama juu ya I-485 peke yake. Ikipita, raha. Ikikataliwa kwa sababu yoyote, hata karatasi moja iliyokosewa, huna pa kurudi, asubuhi ulikuwa mfanyakazi jioni huna hadhi yoyote nchini. Af kadi yenyewe ina tarehe ya mwisho. Zamani ukipeleka maombi ya kuirenew ulikuwa unaongezewa mpaka siku 540 wakati unasubiri, sasa waliopeleka kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 hawapati tena hiyo nyongeza. Kadi ikifa mpya haijaja, unavua kitambulisho cha ofisi unarudi nyumbani. Wenye H-1B muda ukiisha wakati maombi ya kuongeza yameshapokelewa, wanaruhusiwa kuendelea mpaka siku 240 kwa bosi yuleyule. Hiyo ndio tofauti, na ndio maana mimi H-1B naiita tairi la spea. Kadi ya kazi kaa nayo mfukoni, irenew kila muda wake ukifika (mlango unafunguliwa siku 180 kabla haijaisha), ila usiitumie kama huna shida.

Mimi nilihama kwa H-1B kutoka Dallas kuja huku Kansas City, bosi mpya alipeleka maombi, risiti ilipotoka nikaanza kazi, sikusubiri jibu. Na nyumbani nilienda msiba wa mama nikarudi kwa visa yangu, sikuhitaji kile kibali cha kusafiri nje wakati I-485 inasubiri. Anayetumia kadi ya kazi akitoka bila kibali, faili linahesabiwa ameliacha.

mpogoro_texas
Dada hapo kwenye msiba umenigusa, mzee wangu Mahenge hajisikii vizuri toka mwaka jana. Ila bosi mpya hajakubali bado mambo ya H-1B, HR wao kanijibu "si una kadi ya kazi wewe?"

Bukavu_Boy
Ndugu, mbona miye nilitoka Ohio nikaenda Iowa kwenye kiwanda cha nyama, grinikadi ilikuwa bado, nikabadilisha kazi mara mbili na hakuna mtu aliniuliza kitu? Kadi ilinifikia tu kwa nyumba mpya. Nyinyi mnajitesa na karatasi.

MamaNeema_KC
Kaka Bukavu wewe ulikuja kama mkimbizi, si ndio? Mkimbizi anaomba grinikadi baada ya mwaka mmoja na ombi lake halijashikwa na mwajiri yeyote. Unaweza kuchinja ng'ombe Iowa leo kesho ukaendesha lori Arizona, Uhamiaji wanachotaka ni anwani tu. La huyu limefungwa kwenye kazi ya aina fulani. Mke wake ndio yuko kama wewe, yeye anafuata faili la mume, afanye kazi yoyote.

Bukavu_Boy
Aaah sawa, nimeelewa sasa. Asante mama.

wa_Kisauni
Mimi nko huku Minnesota, Brooklyn Park, mwaka wa sita. Mambo ya visa mshaongea, mi nataka niongee habari ya sanduku la barua maana ndio lilitaka kuniua.

Nilihama apatimenti nikajaza fomu ya posti wanihamishie barua, nikajua nimemaliza. Kumbe posti ni kando, Uhamiaji ni kando. Wanatuma barua kutaka fomu mpya ya daktari, inaenda kwa nyumba ya zamani. Yule mpangaji aliyeingia, kijana mpole kabisa, alikuwa anatupa barua zangu ndani ya boksi la viatu juu ya friji akisema siku moja mwenyewe atakuja. Nilienda kuchukua kitu kingine kabisa, sufuria ya mke wangu ilikuwa imebaki, ndio nikaona bahasha. Walikuwa wamenipa siku 87, zimebaki 9. Daktari alinipiga sindano tatu kwa siku moja.

Kwa hivyo bro, ukihama una siku 10 kuwaambia Uhamiaji anwani mpya, na uifanye kwenye akaunti yao ya mtandaoni ili hata mafaili yanayosubiri yabadilike, wewe peke yako, mke peke yake, na mtoto kama ana faili pia yake. Piga picha ya ile skrini ya mwisho. Na ujue ukibadilisha jimbo faili linaweza kuhamia ofisi ya huku, kama kuna interviu utaitwa huku.

Halafu hiyo elfu 19 usiile yote kwa akili. Texas hamkatwi kodi ya mapato ya jimbo, huku tunakatwa na ngazi ya juu kabisa ni asilimia 9.85, si kila mtu anafika huko lakini utahisi. Na tairi za theluji si bei ya machungwa.

Baharia07
Sawa mama Neema nimekubali kwenye tairi la spea. Ila jina la kazi mbona hamlisemi? Mhasibu na mchambuzi wa fedha si vitu viwili?

MamaNeema_KC
Swali zuri, umepoa sasa. Uhamiaji hawaangalii jina peke yake, wanaangalia majukumu, ujuzi, mshahara, na ile namba ambayo serikali huipa kila aina ya kazi. Mhasibu ni 13-2011, mchambuzi wa fedha ni 13-2051, wako ukoo mmoja ila nyumba mbili. Inapitika ila sio ya kujiendea tu. Mpogoro, barua ya ofa isiwe na mistari miwili, iandikwe majukumu moja moja: kufunga vitabu vya mwezi, kulinganisha hesabu za benki, kuandaa ripoti za ukaguzi. Barua yako ya zamani ya I-140 weka pembeni, chora mstari chini ya yanayofanana. Af kuna karatasi inaitwa Supplement J, ya kuthibitisha kazi mpya kwenye faili la I-485, haina ada, unasaini wewe na bosi mpya. Wapo wanaosubiri mpaka waulizwe, mi sipendi, nilituma mwenyewe mapema nikalala usingizi.

mpogoro_texas
Wiki tatu baadaye wadau. Nilimpelekea HR zile hoja za dada Neema kwa barua pepe, nikamwambia gharama ya H-1B ni ndogo kuliko mimi kukaa nyumbani miezi kadhaa kadi ikichelewa. Wakakubali. Barua ya majukumu imeandikwa upya, ina kurasa mbili. Wife bado ananuna kidogo ila jana nilimkuta anasoma jinsi ya kuhamisha cheti chake cha kutunza wazee, maana kila jimbo lina rejista yake, nikajua amekubali bila kusema. Risiti ya H-1B ikitoka naaga kazi hapa, kabla ya hapo bosi wa sasa hasikii kitu.

Wa Kisauni, mtoto ana miaka minne, hajawahi kuona theluji. Anahitaji nini na nini?

wa_Kisauni
Usinunue chochote huko Houston, watakuuzia jaketi ya mapambo. Njooni mwezi wa nane kabla shule hazijafungua, mke wangu atawapeleka kwa duka la mitumba, watoto wa huku jaketi zao wanavaa msimu mmoja zinawabana. Besimenti yetu iko tupu, mtalala hapo mkitafuta nyumba. Lakini barua za Uhamiaji usiziandikishe kwangu mpaka jina lako nilibandike kwa sanduku.