Nimeumia nyonga jeshini Marekani, daktari kaniandikia nipumzike, sajenti ananiita mtegaji

Buzuruga_Kwetu:

Wakuu, poleni na majukumu. Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, ila leo nimebanwa, na najua wapo humu waliopita jeshi la huku.

Mimi ni kijana wa Mwanza. Nilikuja Marekani kwa grini kadi, nikabeba maboksi ghalani, baadaye nikajiunga na Army, jeshi la nchi kavu. Uraia nimeapa mwaka jana kupitia jeshi hilohilo. Kambi na kikosi sitaji, mtanielewa.

Mwezi wa tatu tulikuwa kwenye matembezi ya mzigo, usiku, begi mgongoni na bunduki. Nyonga ya kulia ikaanza kuuma kwa ndani, usawa wa kinena. Nikajikaza nikamaliza. Zahanati wakanipa ibuprofeni za miligramu 800. Nikarudi, ibuprofeni tena. Waliopita hapa wanazijua: ukiumwa goti ni hizo, ukiumwa mgongo ni hizo, ukiachwa na mchumba nadhani ni hizohizo na maji mengi. Eksirei ikaonekana safi. Nikaendelea kukimbia na wenzangu asubuhi, huku ngazi nashuka nimeshika ukuta. Mwishowe daktari mmoja, mama wa makamo, akaukunja mguu na kuuzungusha, nikapiga yowe. Akaagiza MRI. Majibu: ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Siku hiyohiyo nikapewa magongo na profaili, yaani karatasi ya daktari ya mambo nisiyoruhusiwa kufanya: nisikimbie, nisiruke, nisibebe mzigo, nisisimame zaidi ya dakika 15 mfululizo.

Balaa likaanzia hapo. Sajenti wa platuni aliisoma ile karatasi mbele ya wenzangu, akasema "huyu kajiandikia likizo". Tangu hapo wikiendi zamu ni zangu. Nimesimamishwa lindo getini usiku kucha na magongo yangu. Nimetumwa kufagia karakana ya magari. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya kwenda mbele ya bodi ya kupandishwa cheo, likatolewa, hakuna aliyenieleza. Wenzangu niliokuwa nakula nao sasa wananiona kama nawaongezea kazi, na kusema kweli ndivyo ilivyo, maana zamu za kubeba zinawaangukia wao. Hilo ndilo linaniuma kuliko matusi.

Wiki iliyopita nilikuwa na miadi ya fizio, tiba ya mazoezi. Niliandika ubaoni, nikamwambia kiongozi wa kundi langu. Niliporudi nikakuta nimeandikiwa onyo kwenye fomu ya DA 4856 kwamba sikuwepo mahali pangu pa kazi. Sajenti anataka nisaini Jumatatu. Kaongeza kwamba kujifanya mgonjwa ni kosa la jinai kijeshi, na kwamba "atanitoa nirudi kwetu".

Naomba kujua: nisaini au nisisaini? Wanaweza kunifukuza na uraia ukaenda? Na nikilalamika, nilalamike wapi ambapo hayatanirudia?

Nyumbani sijasema kitu. Mama anajua mwanae ni komando.

Afande_Mstaafu:

Kijana, nimelitumikia jeshi la nyumbani miaka mingi. Jeshi si kwa mjomba. Sisi tuliumia, tukafunga kitambaa, tukaendelea. Ukianza kumshitaki mkubwa wako umejimaliza. Vumilia, mguu utapona, sajenti atahamishwa.

Doc_wa_Zamani:

Shikamoo afande, na kwa heshima zote, hapa sikubaliani na wewe. Huo si mguu wa kufunga kitambaa. Nilikuwa mganga wa platuni katika Army kabla sijawa nesi, na ufa wa shingo ya paja ndio tuliofundishwa kuuogopa. Ukiachwa upumzike, mara nyingi unapona wenyewe. Ukiendelea kubebeshwa uzito unaweza kukatika kabisa, na ukikatika, damu inayokwenda kwenye kichwa cha mfupa inaweza kukatika nayo. Hapo ni kutiwa vyuma, na wengine huishia nyonga ya bandia wakiwa na miaka 20 na kitu. Eksirei mwanzoni mara nyingi haioni kitu, ndiyo maana vijana wengi hukimbizwa nao.

Pole sana, mdogo wangu. Nianze na Jumatatu kwa sababu ndiyo iliyo karibu.

Saini. Kusaini DA 4856 si kukiri kosa, ni kusema umeongeleshwa na umeiona. Ukigoma wataandika "amekataa kusaini" na utaonekana mkaidi bure. Kuna kiboksi cha kukubali na cha kutokubali. Weka alama kwenye kutokubali, na palepale chini andika mistari michache: tarehe na saa ya miadi, nani ulimwambia, na kwamba una karatasi ya kliniki. Usiandike hasira. Usiandike "sajenti ananichukia". Andika saa. Kisha omba nakala, na ubaki nayo nyumbani, si kwenye kabati la kambini.

Pia kabla ya Jumatatu nenda ofisi ya mawakili wa utetezi, wanaitwa TDS. Ni wanajeshi lakini hawako chini ya kamanda wako, na ni bure. Neno la kujifanya mgonjwa limeshatajwa, nalo ni kifungu cha 83 cha sheria ya kijeshi. Sidhani kama watathubutu mbele ya MRI, kwa sababu lazima wathibitishe ulidanganya ili kukwepa kazi. Lakini mtu akianza kukuuliza maswali kuhusu hilo, kwa sheria anatakiwa kwanza akusomee haki zako chini ya kifungu cha 31, na wewe jibu lako ni moja: nataka wakili. Halafu unyamaze. Wabantu tunaharibikiwa hapo, tunadhani tukieleza vizuri tutaeleweka.

Sasa jambo ambalo askari karibu wote hawalifanyi. Rudi kwa yule daktari mama. Hajui kwamba umesimamishwa lindo usiku kucha! Mwambie ulivyotumwa na maumivu yalivyokuwa kesho yake, umwombe ayaandike kwenye faili lako la matibabu. Na umwombe profaili iandikwe kwa maneno yasiyopindika: "asifanye lindo la kusimama", "magongo wakati wote", "miadi ya fizio isikatizwe". Profaili ya jumlajumla humpa sajenti mwanya. Kamanda asipokubaliana nayo, njia yake ni kuomba mgonjwa apimwe upya, si kumpa sajenti ruhusa ya kuichana. Daktari pia anaweza kumpigia simu kamanda wa kombania. Nimeona kapteni akibadilika rangi baada ya simu ya dakika chache, kwa sababu mguu ukikatika lindoni, jina litakalosomwa ni lake.

Na sajenti akikupa amri ya mdomo inayovunja profaili, mwonyeshe karatasi kwa adabu. Baadaye mtumie barua pepe: "Sajenti, nimeelewa kwamba umenielekeza kusimama lindo leo kuanzia saa fulani, na profaili yangu inasema hivi. Naomba maelekezo." Wengi huwa hawajibu. Amri yenyewe hufutika.

Mbongo_Minnesota:

Doc kamaliza mengi, mimi naongezea ya uraia na ya pesa, maana nilitolewa kwa sababu ya mgongo na njia yote nimeipita.

Dogo, hiyo ya "nitakurudisha kwenu" ni kelele. Sajenti hana uwezo huo hata kidogo. Uraia wa kupitia jeshi unaweza kufutwa endapo utatolewa kwa hali isiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kutolewa kwa ugonjwa kwa kawaida ni kwa heshima. Hata wakikutoa kwa utendaji hafifu, sura ya 13 ya kanuni za jeshi, karatasi huwa ya heshima au ile ya pili yake, ya jumla chini ya hali ya heshima, na zote mbili hazigusi uraia. Kinachogusa ni vituko: ukatoroka, ukampiga mtu, ukakutwa na bangi. Kwa hiyo huyo jamaa akikuchokoza, na atakuchokoza, jua anachokitafuta. Asikipate.

Malalamiko yana ngazi zake. Kwanza mlango wa kapteni, wana utaratibu wa milango wazi. Nenda na karatasi, si na hadithi. Ikishindikana, kuna Inspekta Jenerali, wenyewe wanamwita IG, fomu ni DA 1559. Ukishaongea na IG au na mbunge, kukulipizia kisasi kwa sababu hiyo ni kosa kwa sheria ya shirikisho. Haimaanishi hawatanuna. Ila IG si mahali pa kupinga adhabu yenye njia yake ya rufaa, hilo mwachie wakili. Kama mkosaji ni kamanda mwenyewe, kipo kifungu cha 138 cha sheria ya kijeshi: unamwandikia kwanza arekebishe, akikataa unapeleka juu hadi kwa jenerali, na usizidishe siku 90 tangu ulipogundua kosa.

Mbunge watu wanamdharau kwa sababu wanafikiria wabunge wetu. Huku unamwandikia wa jimbo lako, unasaini kibali cha kuangaliwa taarifa zako, ofisi yake inaliuliza jeshi, na jeshi linalazimika kujibu kwa maandishi. Mwaka 2007 magazeti yalipoanika hali ya majeruhi pale Walter Reed, hospitali ya jeshi mjini Washington, kuta zenye ukungu na panya katika jengo namba 18, waziri wa jeshi, Francis Harvey, akajiuzulu, na Bunge likawabana wakubwa. Wale majeruhi walikuwa wamelalamika chinichini muda mrefu.

Nyonga isipopona: profaili ya muda haiwezi kuendelea milele. Ndani ya mwaka mmoja hivi wanatakiwa waamue kama unafaa kubaki. Ikiwa hapana, unapelekwa kwenye bodi ya madaktari, halafu bodi ya kupima ufanisi wa mwili. Hapo una wakili mwingine wa bure kwa kazi hiyo tu. Jeshi likikupa asilimia 30 au zaidi, ni kustaafu kwa ugonjwa, una pensheni na bima ya afya. Chini ya 30, wanakupa fedha za mkupuo na mkono wa kwaheri. VA, idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu, wana malipo yao ya ulemavu ya kila mwezi, ila ukishachukua ule mkupuo, kwa jeraha lilelile mara nyingi wanaukata kwanza. Sasa unaelewa kwa nini kila ziara ya kliniki iandikwe. Wenye mioyo ya chuma wanaovumilia bila kwenda zahanati ndio wanaofika VA mikono mitupu.

Kumshitaki sajenti au jeshi mahakamani kwa kuumia kwako sahau, Mahakama ya Juu ya Marekani iliufunga mlango huo mwaka 1950 kwenye kesi ya Feres. Ila tangu sheria ya ulinzi ya bajeti ya 2020, unaweza kudai fidia kwa uzembe wa matibabu kwenye hospitali za jeshi, kwa maombi ya kiofisi, ndani ya miaka 2. Hizo wiki za ibuprofeni muulize wakili wa nje kama zinaingia. Simaanishi zinaingia.

Na wale wenzako wanaobeba zamu zako, waambie ukweli, waonyeshe picha ya MRI. Mmoja atakuja kukuandikia ushahidi VA. Mimi aliyeniandikia ni jamaa wa Alabama ambaye hatukuwahi kupatana.

Afande_Mstaafu:

Nimesoma. Doc, suala la damu ya mfupa nilikuwa silijui. Lakini neno langu la kuheshimu mkubwa liko palepale.

Buzuruga_Kwetu:

Asanteni sana wakuu. Dada Doc, Mungu akubariki. Afande, heshima bado ipo, nilimpa "ndiyo sajenti" zake zote.

Nimeshasaini, nimeweka alama ya kutokubali, nimeandika saa ya miadi. Aliisoma akacheka kidogo, akasema "umepata wakili?" Nikakaa kimya. Nilikuwa nimetoka kwa TDS asubuhi hiyohiyo. Daktari kaibadilisha profaili, sasa imeandikwa wazi hakuna lindo la kusimama. Kapteni kanisikiliza, kasema atafuatilia, sura yake sikuweza kuisoma. Lindo limesimama. Wikiendi bado ni zangu, ila za kukaa mezani kupokea simu. Ya bodi ya kupandishwa cheo hakuna aliyenijibu. IG bado sijaenda, wakili kaniambia nimpe kapteni nafasi kwanza, nimwandikie barua pepe ya kumkumbusha tulichoongea.

Nimeweka hapa chini picha ya fomu mwone kama nimeandika sawasawa.

Doc_wa_Zamani:

Umeandika vizuri, lakini futa hiyo picha sasa hivi! Jina lako na la sajenti yanasomeka. Ukitaka niikague, funika majina kwanza, unitumie inbox. Barua ya kapteni iandike leo, kabla hajasahau alichokuahidi.