Je, mageuko ya viumbe ni ngazi ya kupanda juu?

Mwanafunzi_Jinja:
Habari zenu. Darasani tulichora mstari: bakteria, samaki, mjusi, nyani, mwisho mtu. Mwenzangu anasema walio nyuma ni dhaifu, watakwisha. Ni kweli? Nini huamua nani abaki?

Kijana_wa_Mbale:
Mwenye nguvu ndiye hubaki. Ndivyo dunia ilivyo.

Mama_Mwaloni:
Kijana, faru alikosa nguvu gani? Na bado porini kwetu Uganda majangili walimmaliza kufikia miaka ya 1980.

Mwanafunzi, futa huo mstari. Nilifundisha baiolojia kabla ya kuanza kuuza samaki hapa Katosi, kando ya Ziwa Viktoria. Mtazame furu, samaki mdogo wa ziwani, ndiye nkejje wetu. Ziwa Viktoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na humo furu wakagawanyika wakawa mamia ya spishi: huyu mla konokono, yule mkwangua mwani kwenye mawe, mwingine anakula magamba ya wenzake! Kwa kasi ya kugeuka, samaki wachache mno duniani wanaowafikia. Miaka ya 1950 akatiwa ziwani sangara, samaki mkubwa anayewala wenzake. Kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka, na mimi jambo hilo linaniuma hadi leo.

Waliopona ni akina nani? Baadhi ni wale wa kwenye miamba na wa pembeni mwa mafunjo, ambako hewa majini ni haba na sangara haingii. Hawakuwa bora kuliko ndugu zao. Walikuwa mahali pengine tu. Mukene naye, yaani dagaa, kwa kuwa huzaa upesi, akajaa ziwa.

Mwanafunzi_Jinja:
Asante mama. Lakini ubongo wa mtu je? Si maendeleo hayo?

Mama_Mwaloni:
Ni kweli, ubongo ulikua katika ukoo wetu. Kwingine viungo hupotea. Mababu wa tegu, mnyoo wa tumboni, walikuwa na utumbo. Yeye hana, maana anaishi ndani ya chakula kilichokwisha kusagwa, na anastawi vizuri. Kamongo naye ni samaki mwenye mapafu, ukoo wake ulitangulia dinosaria, ukawaona wakiisha miaka milioni 66 iliyopita. Sasa anapungua, kwa nyavu na kwa vinamasi kugeuzwa mashamba. Umri wa ukoo haumkingi.

Mwombe mwalimu ruhusa, upeleke darasani nkejje na kamongo. Wenzako waulizwe yupi kati yao yuko mbele, na kwa kipimo gani.