Chai ya Mia na Hamsini, Kericho Hii Hii?

*Kikundi: Nyumbani Kwetu* 🍃

*Chebet:* Chamgei wote. Nimepata chumba karibu na stendi, hapa Kericho mjini. Nataka kufungua baa ya chai. Naomba maoni kabla sijalipa depositi.

*Mama:* Baa? 🙄

*Chebet:* Ya chai, mama! Pombe haiingii.

*Baba Mdogo:* Unamuuzia mvuvi samaki. Kila nyumba hapa ina themosi mezani. Kikombe ngapi?

*Chebet:* Ya maziwa 50. Ya majani ya zambarau 150.

*Baba Mdogo:* 150!! Kibandani pale nanunua kwa 20 na naongezwa.

*Mama:* Hizo ni lita mbili za maziwa, Chebet.

*Mjomba Mombasa:* Ngojeni kidogo. Mimi niko bohari huku Shimanzi. Kila siku naona magunia ya chai ya kwetu yakipita kwenda Pakistan na Misri. Mnaanza kuchuma alfajiri, halafu jioni mnachemsha vumbi la dukani.

*Baba Mdogo:* Vumbi si taka bwana. Ni punje ndogo tu, na ndiyo inatoa rangi. Maziwa yataka chai yenye nguvu.

*Chebet:* Kweli, na ya maziwa nitatumia hiyohiyo. Lakini kuna ya jani zima, haikatwi na zile mashine za CTC (za kuponda na kurarua majani), inasokotwa tu. Dakika 3 kwenye maji moto, bila maziwa. Na ile ya zambarau ilitolewa na watafiti wa hapahapa Kericho, 2011. Ukikamulia ndimu inageuka pinki. Watu wa safari ya Kisumu watashuka kuiona.

*Baba Mdogo:* Usinikumbushe zambarau. Nimepanda ile miche bondeni, nikaambiwa bei itakuwa juu. Mpaka leo inapimwa pamoja na ya kijani, bei ile ile.

*Mjomba Mombasa:* Chebet, kikombe kimoja kinakula gramu ngapi?

*Chebet:* 2.5. Kilo moja ni vikombe 400.

*Mjomba Mombasa:* Mara 150 ni 60,000.

*Mama:* Toa kodi. Toa gesi. Toa leseni ya kaunti, cheti cha afya, msichana wa kuosha vikombe. Na toa siku ambazo hakuna mtu.

*Chebet:* Ndiyo maana kilo moja yaweza kukaa mwezi mzima, mama. Sidanganyi.

*Baba Mdogo:* Kilo moja kavu ni kilo 4 na nusu za majani mabichi... Wewe utanunua wapi?

*Chebet:* Kwa msindikaji mdogo mwenye leseni. Mimi sisindiki.

*Baba Mdogo:* Mwulize kama anapokea ya zambarau. Nauliza tu.

*Mjomba Mombasa:* 😂😂 Mvuvi amekubali samaki!

*Mama:* Na vitafunio je? Chai kavu hainyweki.

*Chebet:* Nilikuwa naelekea huko... mandazi yako mama 🙏🏾

*Mama:* Siamki saa kumi bure. Tutaongea bei.

*Baba Mdogo:* Kogo yuko hapa kando yangu. Anasema kesho umletee hiyo ya zambarau aonje. Na sukari vijiko vitatu.

*Chebet:* Mwambie hiyo haitiwi sukari.

*Baba Mdogo:* Anasema basi baki nayo.