The View: wanawake watano meza moja, ni heshima au ni kelele?

Fundi Redio:
Ndugu zangu, kipindi hiki cha The View, cha televisheni ya ABC ya Marekani, nimekifuatilia miaka mingi, leo natoa la moyoni. Wanawake watano mezani, saa tano asubuhi ya New York, Jumatatu mpaka Ijumaa, wanachambua habari za siku. Mwanahabari Barbara Walters alipokianzisha na mtayarishaji Bill Geddie alitaka wanawake wa rika tofauti na misimamo tofauti wazungumze kama watu wazima. Wazo zuri sana. Lakini tazameni yaliyofuata. Mei 2007 watangazaji wake wawili, Rosie O'Donnell na Elisabeth Hasselbeck, walizozana kuhusu vita vya Iraq mpaka mafundi mitambo wakaigawa skrini, huyu huku, yule kule, kama mabondia. Mwaka huohuo mwenzao Sherri Shepherd akaulizwa kama dunia ni bapa, akajibu hajui. Oktoba 2010 Joy Behar na Whoopi Goldberg wakainuka na kumwacha mgeni wao, mtangazaji wa Fox News Bill O'Reilly, amekaa pale.

Swali langu ni moja: meza ya wanawake pekee inawajengea wanawake heshima, au inathibitisha yale wanayosemwa? Mimi naona awekwe mwanaume mmoja katikati awatulize. Na msiniletee habari ya yule nesi na "kifaa cha daktari". Ule ulikuwa mzaha, manesi wakalikuza.

Bi Shangazi:
Kaka, "mwanaume mmoja awatulize". Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu. Awatulize kama watoto wa chekechea? Wanaume wanachambua mpira studioni wakipiga meza, mishipa ya shingo imewasimama, na sijasikia hata siku moja mtu akiomba aletwe mama wa kuwatuliza. Hao mnawaita wachambuzi.

Na la O'Reilly umelikata kichwa na mkia. Alisema Waislamu ndio waliowaua Wamarekani Septemba 11. Waislamu, basi, bila kusema magaidi. Ndipo wakainuka. Walters alibaki, akawalaumu wenzake kwa kutoka, kisha akamgeukia mgeni akamwambia dini nzima haiwezi kubebeshwa dhambi ya watu wachache. O'Reilly akaomba radhi kwa aliyemwelewa vibaya, na wale wawili wakarudi vitini. Hayo yote ni ndani ya dakika chache. Wewe umebaki na kuinuka tu.

Mkuu wa Kaya:
Shangazi kajibu kwa hasira, kwa hiyo Fundi kashinda. Kipindi kimeanza 1999, miaka yote hiyo hakijajifunza kusikilizana.

Karani:
Mkuu, 1999 ni Loose Women ya ITV kule Uingereza. The View ilianza tarehe 11 Agosti 1997. Watano wa kwanza walikuwa Meredith Vieira akiongoza mazungumzo, Star Jones mwanasheria, Joy Behar mchekeshaji, Debbie Matenopoulos binti wa miaka 22, na Walters mwenyewe akiingia na kutoka.

Sasa kuhusu mwanaume wa katikati. Walters alishakaa na mwanaume wa katikati. Miaka ya mwanzo ya 1970 kwenye Today, kipindi cha asubuhi cha NBC, mwenzake Frank McGee aliweka sharti: mgeni mzito akija studioni, McGee aulize maswali matatu ya kwanza, Walters aanzie la nne. Mwaka 1976 ABC ikampa kiti cha kusoma habari za jioni, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho katika mtandao mkubwa wa televisheni wa Marekani, dola milioni moja kwa mwaka, na Harry Reasoner aliyekaa naye hakuficha kwamba hamtaki. Mtu aliyepita huko, akipata uwezo wa kupanga meza yake, mnadhani atamweka nani katikati?

Nesi wa Zamu:
Mimi nimekuja kwa lile la "manesi wakalikuza". Huenda wengine hapa hawakuliona, nieleze.

Septemba 2015, mashindano ya Miss America, Kelley Johnson wa Colorado alipofika zamu ya kuonyesha kipaji hakuimba wala hakucheza. Alipanda na sare ya kazi, stethoskopu shingoni, akasimulia habari za mgonjwa wake Joe mwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na jinsi alivyokuwa akijiita "nesi tu". Akashika nafasi ya tatu. Kesho yake mezani Michelle Collins akasema binti kama alikuwa anasoma barua pepe zake kwa sauti, na Joy Behar akauliza mbona amevaa stethoskopu ya daktari. Watu studioni wakacheka.

Kaka Fundi, mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Siku chache kabla nilikuwa wodi ya watoto. Saa tisa usiku nilisikiliza kifua cha mtoto wa miaka miwili, kulia chini hewa ilikuwa haiingii, nikasogea tena, nikahesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya mkononi: 58. Nikaandika, nikapiga simu. Asubuhi daktari akapita na wanafunzi wake. Hakusema neno. Alinivua stethoskopu shingoni, mbele ya mama wa mtoto, akasikiliza palepale nilipoandika, akasema "kulia chini" kama yeye ndiye wa kwanza kulisikia, akaondoka nayo. Mama wa yule mtoto akaniuliza, "Kumbe hiyo ilikuwa yake?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo niliposikia watu wanacheka studioni, nilisikia sauti ya yule mama. Hatukukuza kitu.

Dokta Mstaafu:
Pole dada. Huyo mwenzangu alikosa adabu na sitamtetea. Lakini tuseme ukweli pia, kusikia ni kitu kimoja na kutafsiri ni kingine. Kifaa hicho kilibuniwa na daktari, René Laennec, Paris, 1816. Watu kukihusisha na daktari si tusi kwa yeyote, ni historia.

Nesi wa Zamu:
Niliandika "kulia chini hewa haiingii". Hiyo ni tafsiri, daktari. Wewe ungeandika nini?

Binti Kitabu:
Dokta ameianza historia, naomba niimalizie. Laennec alikuwa na mgonjwa msichana mnene, na desturi ya wakati ule ilikuwa kuweka sikio kifuani moja kwa moja. Akaona haya. Akasokota karatasi ikawa kama bomba, ncha moja kifuani kwa msichana, nyingine sikioni kwake, na akashangaa moyo unasikika wazi kuliko kwa sikio tupu. Baadaye akatengeneza bomba la mbao. Kwa hiyo kifaa hicho kimezaliwa kwa ajili ya kifua cha mwanamke, na nesi aliyekivaa jukwaani akachekwa na meza ya wanawake. Hapo ndipo mimi nilipoumia, si kwa sababu ya madaktari.

Mkuu wa Kaya:
Binti Kitabu umetumaliza nguvu, umesema vizuri. Lakini uzi umehama. Tumeanza na televisheni tumeishia hospitali.

Mtoto wa Mjini:
Uzi haujahama, umefika palipo na moto. Niulize: mbona hakuna anayesema kilichofuata? Manesi walijaza mitandao picha zao na stethoskopu shingoni. Johnson & Johnson wakasimamisha matangazo yao kwenye kipindi, na Eggland's Best wenye mayai nao vilevile. Behar akaeleza kwamba alidhani ni vazi la maonyesho, kipindi kikaomba radhi, kikawaita manesi studioni. Hapo mwanamke kafungwa mdomo na kampuni za sabuni na mayai! Leo manesi, kesho walimu, keshokutwa hakuna atakayethubutu kutania lolote. Dada Nesi, kwa heshima, maumivu yako yalikuwa ya yule daktari wako, ukamtwika Joy Behar.

Nesi wa Zamu:
Usinipangie maumivu yangu yakae wapi.

Bi Shangazi:
Mwanangu, Mtoto wa Mjini, umevuka mpaka. Mtu amekufungulia jambo lililomdhalilisha kazini, wewe unamgawia lawama. Omba radhi kwanza, ya mayai baadaye.

Mtoto wa Mjini:
Nimekosa, dada. Neno "ukamtwika" lilikuwa kali, nalifuta. Lakini hoja ya wadhamini nabaki nayo. Mwenye pesa akishaona anaweza kuwanyamazisha, hatajali tena kama waliosema walikuwa na kosa au la.

Dokta Mstaafu:
Mimi pia nirekebishe. Dada aliniuliza ningeandika nini. Ningeandika hayohayo aliyoandika.

Fundi Redio:
Nimewaacha mseme, sasa mnisikilize. Hoja yangu tangu mwanzo ilikuwa utaalamu. Watu hawa wanazungumzia vita, tiba, sheria, historia, na wengi hawajasomea. Angalieni Whoopi, Januari 2022 alisema mauaji ya Wayahudi chini ya Wanazi hayakuwa ya rangi wala mbari. Akaomba radhi, na bado ABC ikamsimamisha wiki mbili. Sherri naye na dunia bapa. Mtu anayetazamwa na mamilioni lazima ajue anachosema.

Bi Shangazi:
Tangu mwanzo ulisema mwanaume awatulize. Utaalamu umekuja baada ya stethoskopu. Rudi juu usome maandishi yako mwenyewe.

Binti Kitabu:
Na la Sherri naomba niliseme mimi, maana kila mwaka linaletwa kumcheka. Ilikuwa siku zake za mwanzo kwenye kile kiti. Whoopi alipombana kama dunia ni bapa au la, alisema hajawahi kuliwaza, anachowaza ni namna ya kumlisha mwanawe. Jibu lilikuwa baya, dunia ni mviringo na kila mtoto wa shule anajua. Lakini ile nusu ya pili ya jibu hamjawahi kuitaja hata mara moja. Mwanamke anayelea mtoto na anahesabu chakula, ameketishwa mbele ya kamera, anaulizwa swali la kumtega. Mimi mama yangu hakumaliza shule. Angekaa pale angetegwa hivyohivyo, na angekuwa na mambo mia ya kuwaambia ambayo hakuna profesa anayajua. Mkitaka meza ya wataalamu watupu, mnamtoa mama yangu.

Karani:
Bado hakuna aliyenijibu kuhusu McGee na maswali yake matatu. Sawa, niongeze jingine. Tangu mwishoni mwa 2014 kipindi kiko chini ya idara ya habari ya ABC, si ya burudani tena. Sunny Hostin aliwahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu. Alyssa Farah Griffin alikuwa mkurugenzi wa mawasiliano Ikulu wakati wa Trump. Hao ni watu wenye kazi zao.

Na kuhusu kelele, kumbukeni tarehe 8 Oktoba 2024. Kamala Harris, makamu wa Biden na mgombea urais, amekaa pale, uchaguzi umebaki mwezi mmoja. Hostin akamuuliza kwa utulivu kabisa: kuna jambo gani ungelifanya tofauti na Rais Biden kwa miaka minne hii? Harris akajibu hakuna linalomjia akilini. Kampeni ya Trump ikalichukua jibu hilo ikaliweka kwenye matangazo yake. Ni swali la sentensi moja, na limeuma kuliko ugomvi wote wa Rosie.

Mkuu wa Kaya:
Hilo la Hostin ni kweli, nililiona. Lakini swali lilitoka kwa mtu anayempenda Harris, alitaka kumpa nafasi ya kung'ara.

Karani:
Swali zuri halina haja ya nia mbaya, mkuu.

Fundi Redio:
Shangazi, nimerudi juu nimesoma. Ni kweli niliandika mwanaume. Niliandika nikiwa nimekasirika, nilikuwa nimetoka kutazama wakikatana kauli dakika kumi nzima kuhusu jambo ambalo mke wangu angelieleza kwa mbili. Ile sentensi naiondoa. La kukatana kauli siliondoi, linaniudhi kweli, kwa sababu yule mpole mezani hasikiki kamwe, na mara nyingi ndiye ninayetaka kumsikia. Vieira alikuwa anajua kumpa nafasi mtu wa aina hiyo. Tangu aondoke 2006 mimi natafuta ule utulivu.

Bi Shangazi:
Hapo sasa tunaongea, kaka. Kuhusu Vieira tuko pamoja.

Mtoto wa Mjini:
Dada Nesi, kama haikuudhi nikuulize: ile stethoskopu ulirudishiwa?

Nesi wa Zamu:
Haikurudishwa. Niliikuta baada ya siku nne kwenye droo ya chumba cha madaktari, nikaichukua. Nimeizungushia plasta nyeupe kwenye mpira, nimeandika jina langu kwa kalamu ya wino usiofutika. Mtoto alipona, aliruhusiwa siku ya sita. Siku ile ya kuondoka mama yake aliiona plasta, akaisoma jina kwa sauti, akaniita kwalo. Zamu yangu inaanza saa mbili, naondoka.