Raba asilia na EPDM zinagoma kuiva pamoja, nakosea wapi?

Wakuu habari zenu. Natengeneza gasiketi za raba, zamani nilitumia raba asilia tupu ila zikikaa juani zinapasuka nyufa nyufa, nikashauriwa niongeze EPDM, raba ya kiwandani inayovumilia jua. Nimechanganya 60 kwa 40, halafu kwa kila 100 za raba natia salfa 2, zinki oksaidi 5, stiariki asidi 2 na aksilereta (dawa ya kuharakisha kuiva) ya CBS 1, napika kwenye presi nyuzi 150 dakika 10. Inatoka legelege, ukivuta inakatika mapema. Nikaongeza hadi dakika 25 ndo ikazidi kuwa mbovu!! Nimeharibu mzigo mwingi, naombeni msaada.

mpishi_wa_raba: Pole mkuu, tatizo sio muda. Salfa inafanya kazi penye vifungo pacha (pale kaboni mbili zimeshikana mara mbili), na raba asilia inavyo mnyororo mzima wakati EPDM inavyo vichache mno, kwahiyo salfa na aksilereta zote zinakimbilia kwenye raba asilia, EPDM inabaki mbichi. Na ile kuongeza dakika ndo umeiumiza zaidi maana raba asilia ikipitiliza vifungo vya salfa vinavyoshika minyororo pamoja vinaanza kukatika inarudi kuwa laini.

rola_mbili: Nakubaliana na mkuu hapo juu. Usitie kila kitu kwa pamoja. Chukua EPDM peke yake uipe salfa na aksilereta zake, ipashe moto kidogo mpaka ikaribie kuanza kuiva, isiive, ndo uichanganye na raba asilia. Kuna njia ya peroksaidi pia, dawa ya kuivisha badala ya salfa, kama DCP, yenyewe haisubiri vifungo pacha, inashika zote mbili, ila ikipikwa penye hewa uso unabaki unanata, na dawa nyingi za kuzuia raba kuzeeka zinaiua nguvu, mimi hilo lilinitesa sana.

Mleta mada: Asanteni sana aisee. Sasa hizi zilizoharibika siwezi kuyeyusha nikaanza upya?

mpishi_wa_raba: Hapana, ikishafungwa na salfa haiyeyuki, ukizidisha moto inaungua tu. Saga unga utie kidogo kidogo kwenye mchanganyiko mpya. Raba ya kuyeyuka tena ni ile ya EPDM na plastiki ya PP, EPDM inaiva humo humo inapokorogwa ndani ya PP iliyoyeyuka, inakuwa chembe ndogo ndogo zilizozungukwa na plastiki, kwahiyo ukipasha tena PP inatiririka na chembe zinakwenda nayo.