Mjadala: Je, manispaa za Dar ziwekewe barua pepe ya redio?

FundiMitambo: Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ikayumba hapa Dar na nchi jirani. Nasema kila manispaa iwe na kituo cha redio ya ridhaa (redio ya watu binafsi wenye leseni, isiyo ya biashara) cha kutuma barua pepe kwa Winlink, mfumo wa barua pepe kupitia redio: redio ya HF (mawimbi mafupi yanayofika mbali) ya wati 100, kompyuta yenye programu za Winlink Express ya kuandikia barua na VARA ya kuigeuza kuwa sauti ya kurushwa, kiunganishi cha sauti kati ya kompyuta na redio, betri, na opereta mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

BintiKigamboni: Kaka, geti, yaani kituo kinachopokea barua kwa redio na kuiingiza kwenye intaneti, umeliweka wapi? Likiwa Upanga, kwenye mkongo uleule uliokatika, barua inafika hapo inakwama. Lazima ufikie geti la nchi nyingine ambako intaneti ipo. Mchana jaribu 14 MHz, antena ya dipoli (waya wenye mikono miwili, redio ikiunganishwa katikati) mita 5 kila upande, uuinue juu. Kwa Dodoma tumieni 7 MHz, redio kwa redio bila geti: mita 10 kila upande, na hapa waya usipande sana, mita 5 au 6 zinatosha, ili mawimbi yapande wima na kurudi karibu.

MzeeWaIlala: Napinga, hasa kwa hospitali. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo wa siri, kwa hiyo jina la mgonjwa na ugonjwa wake havipaswi kupita humo kabisa. Picha nazo? Winlink inakomea kilobaiti 120 kwa viambatanisho. Fedha hizo zinunue satelaiti.

FundiMitambo: Mzee, la wagonjwa nakubali, lisipite. Lakini Jangwani ikijaa maji, kinachotakiwa ni idadi ya mahema, boti na dawa ya kutibu maji. Hayo ni mistari mitano ya maandishi, na hayana siri. Kikwazo kikubwa ni mazoezi. Opereta mgeni hupandisha sauti ya kompyuta mno, mawimbi yanaharibika, geti halielewi kitu. Apunguze mpaka ALC, kipimo cha redio kinachoonyesha sauti ikizidi, itikisike kidogo tu. Wakati wa kurusha, redio inavuta takribani ampea 20. Nyaya nyembamba za betri zinashusha volti na redio inazima katikati ya ujumbe. Kompyuta ikipoteza USB kila ukirusha, zungushia waya wake pete za feraiti, zinazozuia mawimbi ya redio kuingia humo.

MzeeWaIlala: Bila mazoezi ya kila mwezi, vifaa vitaota vumbi stoo. Hilo liandikwe kwenye bajeti kwanza.

BintiKigamboni: Liandikwe, pamoja na anwani. Winlink hukataa barua za wasiojulikana. Uliyemwandikia wewe kwanza anaingia moja kwa moja kwenye orodha yako ya wanaoruhusiwa. Mwingine anayekuandikia aanze kichwa cha barua na //WL2K. Wizara na hospitali ziambiwe hilo kabla ya masika.